Fundi wa Mtandao Asiyejua Drafti

Ilikuwa ule mwaka tulikula viazi vitamu mpaka watoto wakaanza kuvikimbia. Sisi wa Kitale, tunaolisha nchi mahindi, viwavi waliingia shambani wakamaliza kila kitu wakatuachia mabua. Asubuhi viazi na chai, mchana viazi na maharagwe, jioni viazi na omena. Aliyekuwa na unga alisonga ugali mlango ukiwa umefungwa, na bado harufu ikamsema. Mwaka huo ndio jirani yangu alihamia ile nyumba ya mabati mekundu. Siku ya kwanza nikampelekea sahani ya viazi. Akanirudishia sahani ikiwa na viazi vingine.

Nikamuuliza, "Sasa hii ni nini?"

Akasema, "Ni jibu, Mama. Ujue vyako vimefika."

Nikajua nimepata jirani wa ajabu.

Jina lake siandiki. Sote tulimwita Fundi na aliitika. Alizaliwa wapi, ukoo gani, mume yuko wapi, hayo sina. Nilimuuliza mara moja tu, akaniuliza mimi nimebaki na meno mangapi. Tukaachia hapo. Sasa amehamia Bungoma, anafundisha vijana wa chuo, na nyumba ya mabati mekundu ina mpangaji mwingine anayefuga sungura. Lakini miaka sita alikaa ukuta kwa ukuta na mimi, na mtu ukikaa naye hivyo unamjua hata kikohozi.

Kwanza nieleze kazi yake, kwa sababu watu wa hapa walidhani anauza simu. Wengine walimletea redio zilizokufa. Fundi hakuwa wa hivyo. Kazi yake ilikuwa kupanga vile mashine zilizo mbali zitaongea: nani anaanza, nani anajibu, na zikikosa kusikizana zifanye nini. Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini aliponieleza nilielewa. Nikamwambia, "Kumbe wewe ni mzee wa baraza, ila watu wako ni masanduku." Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema vijana wa chuo wanachukua muhula mzima kufika hapo.

Alikuwa mrefu, mkonda, wa miaka hamsini na kitu, koti la mwanamume, gambuti hata Jumapili, na penseli ndani ya nywele. Wakati mwingine penseli mbili, na bado anatafuta penseli. Chai alikunywa bila sukari. Kwaya aliipenda sana na kwaya haikumpenda, kwa sababu aliimba nyuma ya wengine kwa hatua moja kila wimbo. Nilimwambia, "Fundi, sauti yako imechelewa njiani." Akasema, "Lakini imefika, Mama. Wengine wanatuma mapema na hakuna kitu kinafika."

Huo ndio ulikuwa wimbo wake, kufika. Ukimwambia umemtumia mtu ujumbe, anakuuliza, "Umetuma, sawa. Nani amekuambia umefika?" Ukimwambia umemsalimia mama fulani kanisani, anakuuliza kama aliitika. Alichosha watu. Pasta mwenyewe siku moja alitangaza mkutano, halafu akamwangalia Fundi, akasema, "Waliosikia wainue mkono." Kanisa lote likacheka. Fundi peke yake aliinua mkono bila kucheka.

Na mtu huyohuyo, anayeunganisha mashine za wilaya mbili, hakuwa anashika simu. Unapiga, inalia, anaiangalia kama vile ni mjusi. Nilimgombeza sana. "Wewe ni mtu wa aina gani? Ningekuwa nakufa?" Akasema, "Ukiwa unakufa piga kelele, niko hapa ukutani. Simu inataka niache kila kitu sasa hivi. Ujumbe unaningoja nimalize." Na kweli ujumbe alijibu, kila mmoja, hata wa watu wanaotuma maombi ya kusambaza kwa watu kumi.

Akina mama wa chama chetu walimjua siku ya makaratasi. Tulikutana kwangu Jumamosi, tunakunywa chai, na mmoja akauliza hiyo kazi yake hasa ni nini, ati inalipa? Fundi akaomba mbao mbili za drafti. Vifuniko vya soda vya kuwa kete tunavyo vingi. Ubao mmoja akaweka kando ya barabara, mwingine nyuma ya mahindi, tusionane. Mimi huku, mwenyekiti wa chama kule. Kila mtu anaandika mchezo wake kwa karatasi, na mwenzetu wa chama anayeuza samaki, tunamwita mama wa samaki, anabeba karatasi kutoka huku mpaka kule.

Halafu akamnong'onezea mama wa samaki, lakini mimi nilisikia, "Kazi yako ni kupoteza karatasi zingine. Na zingine uzicheleweshe."

Mama wa samaki akasema kwa sauti, "Kupoteza? Hiyo kazi naijua, uliza mzee wangu!"

Wee! Tulianza vizuri. Karatasi ya tatu haikufika. Mimi nangoja jibu, mwenyekiti anangoja mchezo, kila mtu anadhani mwenzake amelala. Nikaandika tena nikatuma. Kumbe ile ya kwanza haikuwa imepotea, ilikuwa kwa mfuko wa aproni ya mama wa samaki. Zikafika zote mbili. Mwenyekiti akasogeza kete mara mbili. Nikaenda kuangalia, nikakuta kete yangu iko mahali sijawahi kuiweka tangu nizaliwe.

"Umeniibia!" nikasema.

"Wewe ndio umetuma mara mbili, bana! Mimi nafuata karatasi!"

Fundi alikaa juu ya debe, anatafuna muwa, anafurahi kama mtu wa harusi. Alituacha tugombane mpaka tukachoka. Ndio akatuambia kila karatasi iandikwe namba. Namba tano ikifika na ulishacheza namba tano, tupa, lakini jibu kwamba umeipata. Sita ikifika kabla ya tano, ishike mkononi, usicheze, ngoja. Usipopata jibu, tuma tena na namba ileile. Tukarudia. Mama wa samaki alipoteza karatasi mpaka akashindwa pa kuzificha, na bado mbao zote mbili zilibaki sawasawa, kete kwa kete. Mimi nilishinda, lakini hiyo si habari, mimi hushinda.

Baadaye akaja kutengeneza drafti ya kuchezwa kwa simu na watu wawili walio mbali, lakini yeye mwenyewe drafti hakuijua kabisa. Hapo ndipo nilishangaa. Nilimla kete zote nikiwa napepeta maharagwe. Nilimla huku nimempa kete tatu za bure. Nikamuuliza mtu anawezaje kutengeneza drafti ya simu na hajui drafti. Akasema, "Mimi sijui kucheza, Mama. Najua kuhakikisha nyinyi wawili mnacheza mchezo mmoja."

Maziwa ndiyo yalimpa heshima kwa wanaume. Ushirika wetu ulikuwa na vituo vya kupokea maziwa hapa Kitale, Kamukuywa na Matulo, na ukataka mizani yote iingie kwa kompyuta. Bwana mmoja wa tai shingoni akaja kutoka Nairobi na mchoro mzuri wa rangi: mizani yote iulize mtambo mmoja wa Kitale kabla ya kuandika lita. Fundi alikuwa amekaa nyuma na gambuti zake. Akauliza swali moja.

"Na mti ukiangukia waya huko njiani, Kiminini?"

Bwana akasema netiwaki siku hizi ni nzuri.

"Nimeuliza mti."

Wakampa Fundi kazi. Akafanya kila kituo kiwe na kitabu chake ndani ya mashine yake, kiandike hata kama dunia imezimwa, halafu netiwaki ikirudi vituo viambiane. Mvua ya mwezi wa nne ikaangusha nguzo kama vijiti vya kiberiti, siku tatu hakuna netiwaki wala stima, na Kamukuywa walipokea maziwa kwa betri kama kawaida. Hakuna mkulima aliyemwaga hata kikombe. Mzee mwenyekiti wa ushirika, mtu ambaye hawezi kumsifu hata mama yake, alisimama kwa mkutano akasema, "Huyu mama ako na akili." Akakaa. Kwake hiyo ni hotuba.

Mjukuu wangu alisomea kwa Fundi, na hapa niruhusuni nijisifu kidogo. Anaitwa Nafula, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Matulo. Likizo zote za chuo alikuja kwangu, lakini nilijua anakuja kwa jirani. Leo anapanga mitambo ya hospitali kubwa, watu wazima wanamngoja aseme. Nikipita sokoni wananiita nyanya ya injinia, na mimi najifanya sijasikia ili waseme tena.

Nafula ndiye alitatua vita ya Krismasi. Kukhu wa Matulo, yaani nyanya wa kule, mama ya mkwe wangu, na mimi tulivutana kila Desemba wajukuu wakitoka Nairobi waende kwa nani. Na usiniambie ningeenda tu Matulo nikae nao. Kwetu mama wa msichana haendi kulala boma la wakwe na kula sikukuu huko, ni aibu. Kwao pia hivyohivyo. Kwa hivyo wakienda kwake, mimi nakula kuku na redio. Nafula akasema, "Shosho, si nyote mnajua drafti? Chezeni. Mshindi anapika Krismasi."

Fundi akafurahi, akatupatia ile drafti ya simu. Alisema sisi ndio alikuwa anatafuta. "Vijana wana simu nzuri na wako mjini. Mimi nataka mtu mwenye simu mbaya, macho mabaya na hasira."

Mara ya kwanza aliacha simu zetu ziamue zenyewe, yangu na ya Kukhu, bila mtu wa katikati. Kilichotokea ni aibu. Kwa simu yangu nilishinda. Kwa simu yake alishinda. Siku hiyohiyo mimi nilipika chapati za sherehe Kitale na yeye akachinja Matulo. Halafu akanipigia.

"Mama Kitale! Nimekumariza, pika chai ya kuria!"

"Umemaliza nani? Wewe umelala kutoka juzi!"

Tulinuniana wiki mbili. Binti yangu akawa katikati anapigiwa simu na pande zote, akakonda. Watoto walibaki Nairobi kwa baba yao mdogo, na hakuna aliyewaona. Fundi alijilaumu sana. Akaja, akakaa mlangoni kwangu, akasema, "Ni kosa langu. Niliwapa kila mtu ukweli wake mkononi."

Baada ya hapo akaweka mtambo mmoja chumbani kwake, sanduku jeusi dogo kuliko Biblia yangu, na betri chini. Mtambo huo peke yake ndio unasema kete iko wapi. Nilimuuliza, "Si kwa maziwa ulikataa mtambo mmoja?" Nilidhani nimemnasa. Akasema, "Maziwa hayagombani. Lita za Kamukuywa na lita za Matulo unajumlisha tu, zikija leo ama kesho. Lakini kete mbili haziwezi kulala nyumba moja. Hapo lazima mmoja aamue."

Na akatuonya kuhusu simu. Alishika yangu, akaniambia, "Hii ni mwongo mwenye huruma. Ukisogeza kete, inakuonyesha imesogea papo hapo, usichoke kungoja. Lakini hiyo ni kivuli, angalia ilivyofifia. Mtambo ukiipata, rangi inakolea na tiki ya kijani inatokea. Kabla ya tiki, Mama, hujacheza. Umetamani kucheza."

Nikasema nimesikia. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Miaka iliyofuata Kukhu alishinda, akashinda tena, akashinda tena. Sisemi zaidi. Anaamka mapema.

Sasa Desemba iliyopita. Nafula alikuwa amejifungua msichana mwezi wa nane, na mtoto akapewa jina langu. Sijamshika. Nimemwona kwa picha, ana paji langu la uso, hili kubwa. Nikasema mwaka huu nitacheza kama mtu anayepigania shamba. Na Fundi alikuwa ahamie Bungoma Januari, kwa hivyo tulikubaliana nikishinda atakula kwangu, meza moja na Nafula na mtoto, kuku wa kuaga. Tayari alikuwa amenunua mchele.

Tulicheza siku nne. Siku ya mwisho nilikuwa na king mbili, zile kete zilizovishwa taji, na Kukhu alikuwa na king moja na kete tatu zimejipanga vibaya, na mimi nikaona. Unaona kitu kama hicho mara moja kwa mwaka. Nasogeza moja, analazimika kula, halafu namla zote nne na mchezo umeisha. Zamu yangu ilianza saa tano asubuhi, na kila zamu ni saa tatu tu, ikifika saa nane hujacheza umepoteza. Hiyo sheria ya saa tatu mimi mwenyewe ndio niliidai, kwa sababu Kukhu alikuwa analalia zamu siku mbili. Nikasogeza. Kete ikasogea. Nikapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Na palepale, kama ninavyofanya kila siku tangu nipewe simu, nikazima data nisimalize bando.

Nikaweka simu ndani ya aproni, nikaenda kuanika mahindi.

Nilirudi saa kumi, nikawasha data nione Kukhu ametukana vipi. Simu ikatulia kidogo. Halafu kete yangu ikarudi nyuma yenyewe, polepole, kama ng'ombe aliyeona nyoka. Chini kukaandikwa zamu yangu imepita muda na nimepoteza.

Sikukaa chini. Nilishika jogoo, yule mwekundu, nikazunguka ukuta. Fundi alikuwa uani anafunga vitabu vyake kwa magunia. Nikamwekea jogoo miguuni.

"Fundi, nilicheza. Mungu anaona nilicheza saa tano na nusu."

Akaniangalia. Akachukua simu yangu, akabonyeza huku na huku. Akaingia kwa mtambo, akarudi. Akakaa juu ya gunia.

"Ulicheza, Mama. Simu yako imeandika saa tano na nusu. Ulizima data?"

"Nilizima. Si kila mtu huzima?"

"Mtambo umeipata saa kumi."

"Lakini unaniamini?"

"Nakuamini kabisa."

"Basi iweke. Si wewe ulitengeneza huo mtambo? Bonyeza tu. Kukhu hajui hata ni saa ngapi niliwasha."

Akasema, "Mama, sitaweka kete ambayo haikufika."

Nilimwambia maneno. Nilimkumbusha viazi vyote vya ule mwaka. Nilimwambia mtoto ana jina langu na hajui harufu yangu. Nilimwambia na yeye pia atakula huo mchele wake peke yake akiangalia magunia, na Bungoma hakuna jirani atakayemvumilia na penseli zake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, akaondoa penseli moja kichwani, akaangalia, akairudisha. Akasema anaweza kumwandikia Kukhu amweleze yote, na Kukhu akitaka mwenyewe kurudia mchezo, atatuwekea ubao mpya kesho asubuhi. Hilo tu.

"Kurudia nini, na nimeshashinda!" nikasema. "Mimi sitaki huruma ya Kukhu. Nataka kete yangu."

Akainuka, akamwaga chai kutoka kwa thamosi, kikombe changu akaweka sukari tatu, kama ninavyopenda. Akanipa kwa mikono miwili. Nikakunywa. Jogoo alikuwa ameshaanza kuchakura magunia. Nikaona amelegea sasa, uso umekuwa laini, na mimi najua watu. Nikaweka kikombe chini, nikamshika mkono, nikasema kwa upole, "Sasa, dada yangu, ingia ndani uiweke."

Hakutoa mkono. Akanishika na ule mwingine juu, akaniangalia machoni.

"Mama, sitaweka kete ambayo haikufika."